Katibu muhtasi anayetaka kubadili kazi Mwanza: ununuzi, rasilimali watu, miradi au ofisi yake mwenyewe?

Miaka kumi kwenye meza iliyo mbele ya mlango wa bosi humfanya mtu ajue mengi kuliko cheo chake kinavyosema. Barua zote zimepita mkononi mwake, masurufu ya safari, yaani fedha za kutanguliza, ameyaandaa yeye, wazabuni wanamjua kwa sauti, na kikao cha bodi hakianzi mpaka makabrasha yake yafike. Serikalini kada imebadilishwa jina na matangazo ya kazi siku hizi yanasema Mwandishi Mwendesha Ofisi, lakini kwenye kampuni na mitaani bado ni katibu muhtasi, au sekretari tu. Kwa jina lolote, anayetaka kutoka hujiuliza swali moja: niende wapi ambako sitaanza na sifuri?

Hapa tunalinganisha njia nne zinazowezekana kwa mtu anayeishi Mwanza na hataki kuhamia Dar es Salaam: ununuzi na ugavi, rasilimali watu, uratibu wa miradi, na ofisi yako mwenyewe ya huduma. Ya tano, kazi za usaidizi kwa wateja wa nje kupitia intaneti, tumeigusa kwa ufupi tu, kwa sababu utakazoziona.

Vipimo kabla ya kuchagua

Kipimo cha kwanza, ambacho watu hukiruka, ni nguvu ya kuazima. Ukimpigia meneja wa hoteli ukasema "napiga kutoka ofisi ya mkurugenzi", chumba kinapatikana. Nguvu hiyo ni ya aliyeko nyuma ya mlango, na siku unapokabidhi funguo inabaki pale pale. Chukua karatasi uandike mafungu mawili: mambo yanayofanyika kwa sababu ya jina la bosi, na mambo yanayofanyika kwa sababu unajua namna ya kuyafanya. Mtaji wako ni fungu la pili tu. Likiwa fupi usikate tamaa, ila usiache kazi mwaka huu.

Kipimo cha pili ni meza yenyewe. Pitia kitabu cha dispachi, kinachoandikwa barua zinazotoka, na kalenda ya miezi 12 iliyopita, uhesabu kazi zako zimeangukia wapi zaidi: ankara na LPO, yaani hati za kuagizia bidhaa? Barua za watumishi na likizo? Safari, semina na marejesho ya masurufu? Au mihtasari, ripoti na nyaraka? Hesabu hiyo husema ukweli kuliko moyo. Kuna watu wanaojiona wa rasilimali watu kwa kuwa wanapenda watu, kumbe miaka yote wamekuwa wakinunua.

Cha tatu ni cheti, pamoja na ada na miaka yake. Mwenye stashahada ya uhazili anaweza kuomba shahada ya miaka 3 iwapo wastani wake wa masomo (GPA) haupungui 3.0 na ana angalau D nne za kidato cha nne. Mwenye wastani wa chini ana mlango wa kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, chenye kituo Mwanza. Mwenye cheti cha uhazili cha zamani, cha mfumo wa hatua ya kwanza hadi ya tatu, aulize chuo kwa maandishi kama cheti hicho kinapokelewa na kwa ngazi ipi, na apate jibu kabla hajalipa hata shilingi ya fomu.

Vilivyobaki ni pengo la kipato, yaani miezi mingapi utaishi chini ya mshahara wa sasa, na soko la hapa: ni waajiri au wateja wangapi wapo kati ya Buhongwa na Kisesa, na si wale unaowaona kwenye matangazo ya Dar.

Ununuzi na ugavi

Katibu aliyeita ankara kifani tatu (ankara za kuonyesha bei kabla ya kununua), akalinganisha bei, akaandaa LPO, akapokea mzigo, akasaini hati ya kupokelea na kufuatilia malipo uhasibu, ameshapita mzunguko mzima wa ununuzi kwa udogo wake. Anachokosa ni stoo na mikataba. Leja na bin kadi, yaani kadi za kuhesabia mali stoo, zinajifunzika kwa wiki chache. Kugumu zaidi ni kuandika maelezo ya bidhaa ambayo mzabuni hawezi kuyapindisha. Ukiandika "karatasi nzuri za A4" utaletewa zozote. Ukiandika gramu 80 kwa mita ya mraba, nyeupe, rimu za karatasi 500, una haki ya kurudisha mzigo.

Jipime kwa hesabu hii ya kiwango cha kuagiza tena: matumizi ya siku mara siku za kusubiri mzigo, jumlisha akiba ya dharura. Tuseme kiwanda cha minofu ya sangara kinatumia maboksi 400 kwa siku, mzigo unatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, na tangu kuagiza hadi kupokea ni siku 6, nawe unataka akiba ya siku 3. Ni 2,400 jumlisha 1,200, yaani stoo ikifika maboksi 3,600 unaagiza. Kama hesabu hiyo imekuchangamsha, soma sehemu hii mara mbili. Kama imekuchosha, ruka.

Cheti hapa hakikwepeki. Kazi ya utaalamu wa ununuzi inasimamiwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, na anayeifanya anatakiwa kusajiliwa nayo. Mitihani ya bodi hufanyika Mei na Novemba, kwa hiyo ukichelewa kujisajili mara moja umepoteza nusu mwaka. Kwa masomo ya darasani, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) zote zina kampasi Mwanza. Uliza kwanza habari za vipindi vya jioni, kwa kuwa ratiba ya mchana ndiyo inayowatoa waajiriwa njiani. Kwa upande wa umma, ijue Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na mfumo wa NeST, ambako zabuni za Serikali hupita sasa.

Kipato kinashuka mwanzoni. Utaingia kama karani wa stoo au msaidizi wa ununuzi, na mshahara wa hapo mara nyingi hauufikii wa katibu mzoefu wa mkurugenzi. Hupanda baada ya usajili wa bodi, na hapo ngazi ni ndefu kuliko ya uhazili.

Soko la Mwanza ni pana: viwanda vya samaki, Bugando, halmashauri, mamlaka ya maji, wasambazaji wa migodi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, Geita imesogea. Mzigo hausubiri tena foleni ya kivuko, na kampuni inayouzia migodi inaweza kuweka ghala lake huku. Viwanda vya samaki vina tabia yake lakini. Sangara wakipungua, zamu hupungua, na ajira mpya husimama kabla ya kitu kingine chochote.

Panapoharibika ni mahali pamoja tu, na ni pazito. Katibu amezoea kutekeleza neno la mdomo. Bosi amesema, imefanyika. Kwenye ununuzi saini ni yako, na mkaguzi akifika baada ya miaka miwili "bosi alisema" si kiambatisho. Ukiambiwa ugawe manunuzi vipande vipande ili kiasi kisifike kiwango cha zabuni, unavunja sheria wewe, na aliyekuambia hayumo kwenye faili. Maagizo yote yapite kwenye dokezo la maandishi. Asiyeweza kumwambia mkubwa wake "naomba uniandikie" hii si njia yake, hata akiwa na wastani wa 4.5.

Inamfaa mwenye meza iliyojaa ankara, anayependa hesabu, anayestahimili kuchukiwa na wazabuni.

Rasilimali watu

Unachohamia nacho kwanza ni kufunga mdomo, na hilo halifundishwi chuoni. Kisha kuna utaratibu wa faili binafsi, ratiba ya likizo, barua za ajira na za onyo ulizozichapa wewe mwenyewe. Sheria ndiyo unayoikosa. Kuchapa barua ya kuachisha kazi na kujua kama barua hiyo itasimama mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni kazi mbili zisizofanana.

Tarakimu za kukaa nazo kichwani: likizo ya mwaka siku 28, uzazi siku 84, na 100 kwa mapacha, mtuhumiwa wa nidhamu apewe taarifa angalau saa 48 kabla ya kikao, aliyeachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufungua shauri, kodi ya mishahara iwasilishwe ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Panapoteleza zaidi ni zile saa 48. Mfanyakazi anaitwa asubuhi, kikao mchana, barua jioni. Kosa linaweza kuwa la kweli kabisa, na mwajiri akashindwa kwa utaratibu.

Mshahara nao una jaribio lake. Kwa viwango vya kodi vilivyoanza Julai 2021, mwenye 900,000 kwa mwezi anakatwa kwanza mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10, ambayo ni 90,000. Inabaki 810,000 ya kukokotolea kodi. Kodi yake ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, yaani 12,500, jumla 80,500. Mkononi anabaki na 729,500 kabla ya mikopo. Afisa anayekata kodi kwenye 900,000 nzima anamwibia mtu 22,500 kila mwezi bila kujua, na siku ikigundulika hakuna atakayemwamini tena.

Kwa cheti, Chuo Kikuu Huria kina shahada ya usimamizi wa rasilimali watu unayoweza kuisoma ukiwa kazini, na Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho kampasi yake ya Tabora ni jina kongwe katika uhazili, hufundisha fani hii pia. Aliyeko serikalini ana njia ambayo wa kampuni hana: akisoma kwa ruhusa ya mwajiri, anaweza kuomba kubadilishiwa kada kupitia kwa mwajiri hadi ofisi ya Utumishi serikalini, bila kuacha kazi. Aombe ruhusa kabla ya kuanza masomo. Shahada iliyosomwa kimyakimya huleta mabishano siku ya kuiwasilisha. Aulize pia atawekwa cheo gani, kwa kuwa kada mpya inaweza kumwanzisha chini, abaki na mshahara binafsi, yaani ule wake wa zamani, asubiri ngazi za kada mpya zimfikie. Miaka hiyo ya kusubiri ni sehemu ya gharama.

Pengo la kipato ni dogo, hasa ukihamia ndani ya kampuni hiyohiyo. Soko ndilo jembamba. Kampuni ya watu 80 ina afisa mmoja wa rasilimali watu, na nafasi haifunguki mpaka aondoke.

Shida yake haisemwi sana: wenzako walikuwa wanakusimulia. Uliwajua kwa chai ya saa nne. Kesho yake wewe ndiye unayewaandikia barua za tuhuma, na kwa macho yao hujawahi kuacha kuwa mtu wa bosi. Ndiyo maana kuhamia kampuni nyingine, japo ni vigumu zaidi, mara nyingi huanza kwa usafi zaidi.

Inamfaa mtulivu, mpenda sheria, na anayekaribia kustaafu ndani ya miaka kumi hivi na hataki kutikisa michango yake.

Uratibu wa miradi

Mwanza ni kitovu cha asasi na taasisi za utafiti za Kanda ya Ziwa, na ofisi hizo huhitaji mtu anayejua kupanga. Semina ya watu 40 Nansio ni kazi ya katibu kwa kila sura: barua ya utambulisho kwa Katibu Tawala wa Mkoa, barua ya wilaya, ukumbi, chakula, posho za kujikimu, karatasi za mahudhurio zenye saini na namba za simu, ratiba ya meli na mpango wa pili ziwa likichafuka. Aliyefanya hayo kwa miaka kumi anamzidi mhitimu mpya, na wenye miradi wanalijua hilo.

Kasoro yako itaonekana kwenye bajeti na viashiria. Mradi hauulizi kama semina imefanyika. Unauliza imebadilisha nini, kwa kipimo gani, na fedha ya kifungu gani imetumika. Jifunze kusoma bajeti kwa vifungu na kuandika ripoti inayolinganisha lengo na matokeo. Jizoeze pia kufunga masurufu kwa stakabadhi, maana hapo ndipo waratibu wengi huangukia: mtu amelipa boti kwa fedha taslimu Kisorya, hana risiti, na mwisho wa mwezi kiasi hicho kinakatwa kwenye mshahara wake. Dawa ni kitabu cha stakabadhi mfukoni, jina, saini na namba ya simu ya mlipwaji, na malipo ya simu kila inapowezekana.

Cheti si sharti gumu kama kwenye ununuzi. Stashahada yako na uzoefu vinaweza kukuingiza kama msaidizi wa mradi. Ukitaka kupanda, Taasisi ya Mipango ya Maendeleo Vijijini ina kituo cha Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza.

Kipato mara nyingi hupanda mara moja, na hicho ndicho chambo. Mkataba ni wa mwaka au wa muda wa mradi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya afya ilikatika katikati ya mikataba, na watu waliokuwa na mshahara mzuri walirudi nyumbani bila ya kuwa wamekosa lolote. Anayeingia huku ajifunze kuishi kwa theluthi mbili ya mshahara na kuweka theluthi moja.

Inamfaa asiye na mkopo mkubwa wa benki, anayeweza kulala Ukerewe siku tatu bila nyumba yake kuyumba.

Ofisi yako ya huduma

Tuanze na onyo. Ukifungua steshenari ya kutoa nakala na kuchapa, unashindana na fremu nyingine kumi za mtaa huo kwa bei ya ukurasa, na hapo ujuzi wako wa miaka kumi hauna thamani yoyote. Ofisi inayoleta maana kwa katibu mzoefu huuza kazi ambayo kijana mwenye printa hawezi kuifanya: mihtasari ya mikutano mikuu ya vyama vya ushirika, SACCOS za akiba na mikopo na AMCOS za wakulima, makabrasha ya bodi za shule, kuandaa nyaraka za zabuni, kuvisajili vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu kwenye NeST ili viguse ile asilimia 30 iliyotengwa kwa makundi maalumu, usajili na taarifa za mwaka za BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kupanga masjala za kampuni ndogo. Nakala ziwepo, kwa ajili ya kulipa umeme.

Kinachohamia ni karibu fungu lote la pili la karatasi yako. Nguvu ya kuazima haihamii hata chembe, na hapa ndipo inapouma. Watu waliokuwa wakipokea simu yako mlio wa kwanza wataacha iite.

Cheti kipya huhitaji, ila vibali unahitaji: TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, ambayo ni bure, jina la biashara BRELA, na leseni ya halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI. Angalia kiwanja chako kiko Nyamagana au Ilemela kabla ya kuomba. Kwa kuwa utashika namba za NIDA, vyeti na picha za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu: usiache nakala za vitambulisho kwenye kompyuta ya kaunta, usitunze nywila za wateja kwenye daftari. Mipaka mingine miwili: kuthibitisha nakala ni kazi ya wakili, na ushauri wa kodi una usajili wake TRA. Ukijaza ritani (taarifa za kodi) za watu kama mshauri bila usajili huo, kosa la hesabu litakuwa lako.

Mtaji hupotea kwenye vitu visivyoonekana. Fremu nyingi hukodishwa kwa miezi 6 au 12 mbele, na ya barabara nzuri inaweza kudaiwa kilemba pia, yaani malipo ya ziada ya kuipata. Kisha wino. Katriji ndogo ya printa ya leza iliyoandikwa kurasa 1,600 imepimwa kwa wino unaofunika asilimia 5 ya ukurasa, yaani barua ya kawaida. Nakala ya kitambulisho chenye picha nyeusi ikifunika asilimia 15, katriji hiyo inakupa kurasa 530 hivi. Anayetoza bei moja kwa barua na kwa picha anauza kwa hasara nusu ya siku. Karatasi nazo: ukiharibu kurasa 25 kwenye rimu ya 500, asilimia 5 imekwenda. Umeme ukikatika katikati ya zabuni inayofungwa saa nne asubuhi, mteja hatasikia habari za TANESCO. Betri ya kuendesha kompyuta na ruta kwa saa tatu ni kifaa cha kwanza, kabla ya printa ya rangi.

Bei usitoze kwa ukurasa kwenye kazi za akili. Muhtasari wa mkutano mkuu utozwe kwa mkutano, nusu ilipwe kabla. Kampuni itakapokulipa huduma itakata kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai cheti cha zuio siku hiyohiyo, maana ndicho kitakachopunguza kodi yako mwisho wa mwaka, na baada ya miezi sita mhasibu aliyekukata atakuwa amehama.

Soko lipo karibu na ofisi za halmashauri, mahakama na vyuo; Malimbe na Nyegezi zina wanafunzi, lakini wanafunzi hufunga chuo na wewe hufungi kodi ya fremu. Wateja watatu wa kila mwezi wana thamani kuliko mia wa kupita.

Inamfaa mwenye akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi 6, mbali kabisa na mtaji, na ambaye tayari watu humtafuta Jumamosi wamlipe kwa kazi. Kama hakuna anayekutafuta Jumamosi, fungua kwanza Jumamosi.

Na kazi za mbali?

Zipo, na katibu mwenye Kiingereza kizuri cha kuandika anaweza kuzipata. Saa ndizo zinazowashinda watu. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni Mwanza, au saa kumi na moja kwenye majira yao ya baridi, kwa hiyo siku ya kazi inaisha usiku wa manane. London ni rahisi zaidi: unaanza saa tano asubuhi au saa sita mchana. Hakikisha njia ya kupokea fedha kabla ya kufanya kazi ya kwanza. Kwa maoni yetu hii ni kazi ya kujaziliza njia nyingine, kwa kuwa mteja hukatisha kwa barua pepe moja.

Hesabu za kuondoka

Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, isipokuwa mkataba wake unasema zaidi. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 9 anastahili siku 63. Aliyefanya miaka 14 hapati 98, anapata 70. Na hulipwa pale mwajiri anapovunja ajira. Ukiacha mwenyewe hukipati, vilevile fao la kukosa ajira la NSSF. Kwa hiyo kama kuna fununu za kupunguza watu, usikimbilie kuandika barua ya kuacha, ngoja uone.

Pensheni inadai michango ya miezi 180. Chukua taarifa ya michango yako NSSF uhesabu miezi iliyofika kweli, si miaka uliyofanya kazi, kwa kuwa kuna waajiri wanaokata bila kupeleka. Mwenye miezi 168 aliyebakiza 12 ana sababu nzuri ya kusubiri mwaka, au kuendelea kuchangia kwa hiari baada ya kutoka. Likizo usiyoichukua idai kwa fedha. Na cheti cha utumishi ni haki yako, chenye kazi ulizofanya. Pendekeza maneno mwenyewe: "aliratibu ununuzi wa ofisi" hufungua mlango ambao "alifanya kazi za uhazili" haufungui, ilimradi ni kweli.

Kwa hali yako

Kama una umri wa chini ya miaka 35, meza yako imejaa ankara na unaweza kuvumilia kushuka kipato kwa miaka miwili, ununuzi una ngazi ndefu kuliko zote. Anza na mtihani wa bodi wa karibu ukiwa bado kazini.

Kama uko serikalini na umepita miaka 40, omba ruhusa ya masomo na ubadilishe kada. Rasilimali watu ndiyo iliyo karibu, ingawa ununuzi nao unawezekana kwa njia hiyohiyo.

Kama huna deni, watoto wamekua au mwenza ana mshahara wa kudumu, miradi italipa vizuri kwa muda, na miaka hiyo itakupa mtandao ambao ni wako, si wa bosi.

Kama una mkopo wa mshahara ambao haujaisha, ofisi yako mwenyewe isubiri. Marejesho hayajui mwezi mbaya. Tumia muda huo kufanya kazi mbili tatu za mwisho wa wiki na kuandika kila shilingi iliyoingia na kutoka.

Kama bosi wako ndiye anayehama na anataka uende naye, hiyo si njia nyingine. Ni kiti kilekile kwenye ofisi nyingine, na bado hujaiandika ile karatasi ya mafungu mawili.

Na kama unaondoka kwa sababu umechoka tu, chukua kwanza zile siku 28 za likizo, zote kwa mpigo, simu ya ofisi ukiwa umeikabidhi.